Mpini wa jambia la babu: kipusa, pembe ya ng'ombe au plastiki?

SWALI: Marehemu babu yangu, aliyezaliwa Sur, Oman, na kuzikwa Mombasa, ametuachia jambia. Mpini una rangi ya asali iliyokolea, kichwa chake kimekaa kama herufi T, mbele umepambwa kwa fedha, na nyuma una ufa unaoshuka hadi karibu na bapa. Sonara mmoja ameniambia ni kipusa, yaani pembe ya kifaru, na yuko tayari kulinunua leo hii. Ami yangu anasema ni pembe ya ng'ombe tu. Binamu yangu aliyeko Uingereza anataka tuchome sindano ya moto tujue ukweli, kisha alitangaze mtandaoni. Tumfuate nani, na ule ufa tuuzibe kwa nini?

JIBU: Sindano iwekeni kando kwanza. Kipimo hicho kinapendwa sokoni kwa sababu hakimtaki mtu ajue chochote: unachoma, unanusa, na ikitoka harufu ya nywele zilizoungua unatangaza kuwa ni kipusa. Lakini pembe ya kifaru, pembe ya ng'ombe, pembe ya nyati, kwato, na hata kucha zako mwenyewe, zote ni keratini, ile protini inayojenga nywele. Zote zikiungua zinanuka nywele. Sindano itakutenganishia pembe na plastiki, basi. Swali lililowagonganisha ami yako na sonara litabaki palepale, na juu yake mtakuwa mmeongeza tundu jeusi kwenye kitu ambacho babu yenu alikitunza maisha yake yote. Tena kama mpini ni wa seluloidi, ile plastiki ya kale iliyoanza kuiga pembe na meno ya ndovu tangu miaka ya 1870, kuuchoma ni hatari kabisa, maana seluloidi hushika moto ghafla.

Rangi ya asali nayo isikupe homa. Pembe ya ng'ombe wa rangi nyepesi inayo. Pembe ya nyati ikichongwa nyembamba hupata wekundu huohuo, plastiki hutiwa rangi yoyote mtu aitakayo, na jasho la mikono likikaa miaka mingi hugeuza hata mfupa mweupe ukawa kahawia. Wauzaji wengine humulika tochi nyuma ya mpini wakuonyeshe ukingo unavyowaka rangi ya kaharabu. Ni kweli kipusa huwaka hivyo, na pembe ya ng'ombe pia huwaka hivyo. Uzito ndio usiseme, kwa sababu pembe za aina zote na plastiki nyingi zinakaribiana sana mkononi.

Kinachotenganisha ni jinsi kitu chenyewe kilivyoota. Pembe ya ng'ombe, ya mbuzi au ya nyati ni ganda lililovaa mfupa. Ukiutoa mfupa ndani kunabaki uwazi, na sehemu iliyojaa ni ile ya nchani tu. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani yake hata kidogo. Huota kutoka kwenye ngozi, imejaa tangu shina hadi ncha, na imejengwa kwa maelfu ya nyuzi zilizosimama sambamba na kushikamana. Fikiria ufagio wa chelewa uliokazwa sana: ukiutazama ubavuni unaona mistari, ukiutazama kwenye vichwa vilivyokatwa unaona nukta. Kipusa kiko vivyo hivyo, ila nyuzi zake ni nyembamba kiasi cha kuhitaji kioo cha kukuzia. Kile cha sonara, cha kukuza mara kumi, kinatosha.

Sasa liweke jambia karibu na dirisha wakati wa mchana na uligeuze nyuma. Majambia mengi ya Oman yamefunikwa fedha upande wa mbele, ule unaoonekana mtu akilivaa, na nyuma ndiko unakoiona mali yenyewe ya mpini. Kama ni kipusa, utaona mistari midogo sana, iliyonyooka, inayokwenda na urefu wa mpini bila kukatika. Halafu fuata mistari hiyo kwa jicho hadi pale umbo linapopinda kuelekea kwenye mabawa ya ile T. Hapo fundi aliposhusha tupa alikata nyuzi kwa mshazari, kwa hiyo mistari inafupika, inakuwa vitone virefu, na pale palipokatwa kabisa inakuwa nukta. Badiliko hilo la mstari kuwa nukta kwenye kipande kimoja ndilo ninalolitafuta mimi kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu ni vigumu mno kuliiga.

Pembe ya ng'ombe au nyati haina nukta hizo. Badala yake utaona tabaka, moja juu ya nyingine, zenye mawimbi na mabaka ya rangi yanayotiririka. Kwenye kingo zilizochakaa huchanika ganda kwa ganda. Inaweza kuwa na mistari hafifu ubavuni, nayo hiyo ndiyo inayowapoteza watu wengi. Ila ukiifuata hadi kwenye pindo inayeyuka bila kugeuka kitu. Na jua kwamba pembe ya ng'ombe hulainika kwa joto. Mafundi tangu zamani waliichemsha wakaibana kwenye kalibu ikatoka bapa au umbo lolote, ndiyo maana ukubwa wa mpini peke yake hauthibitishi kwamba haukutoka kwa ng'ombe.

Plastiki ina alama zake. Utakuta viputo vya hewa vilivyonaswa ndani, au mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au marembo yanayojirudia kwa mpangilio ambao hakuna mnyama anayeuota. Sugua kwa nguvu kwa dole gumba mpaka pahali hapo papate joto, kisha nusa: bekelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, hutoa harufu ya dawa ya kusafishia vyoo. Kuna pia plastiki iliyotengenezwa kwa maziwa mwishoni mwa karne ya 19, na hiyo ilifanyiwa vifungo na mipini mingi Ulaya. Hakuna aibu mpini wa zamani ukiwa wa plastiki. Fundi wa mwaka 1930 aliyepata kipande cha bekelaiti aliona kitu kipya, cha kisasa, kisicholiwa na wadudu.

Meno ya ndovu nitayagusa kwa ufupi, kwa sababu mpini ulioeleza haufanani nayo, ingawa yakizeeka hupata rangi ya njano iliyokolea. Yakikatwa kwa kukingama huonyesha makundi mawili ya mistari ya upinde inayopishana, ikafanya vipembe vidogo vidogo. Ya ndovu wa leo hupishana kwa upana, zaidi ya digrii 115, na ya ndovu wa kale waliotoweka hupishana kwa wembamba, chini ya digrii 90. Mfupa hauna mistari hiyo; una vidoa vyeusi na mikwaruzo mifupi, ambayo ni njia za damu zilizojaa uchafu. Ukimulika kwa taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti, meno halisi na mfupa hurudisha mwanga mweupe wa samawati, na plastiki nyingi za kuigiza hubaki zimefifia.

Kwa nini basi kila mpini wa rangi ya asali pwani yetu unaitwa kipusa? Chanzo ni biashara yenyewe. Karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilishukia Bagamoyo, na Unguja ikawa soko kubwa la meno ya ndovu katika upande huu wa Afrika. Vipusa vilisafiri katika mizigo hiyohiyo, vikavuka kwa majahazi kwenda Bombay, Uarabuni na kwingineko. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, ndiye anayetajwa kila inapozungumzwa ile khanjari (ndivyo jambia linavyoitwa Oman) ya Saidi, ambayo mpini wake wote hufunikwa fedha. Masimulizi ya Oman humpa sifa ya umbo hilo mkewe wa Kiajemi, Sheherazade. Kwa hiyo kipusa kilikuwa karibu, na wenye uwezo walikipata. Lakini kilikuwa ghali siku hizo pia, na mwenye jambia la kawaida aliridhika na pembe ya nyati, na mti wa msandali, na mpingo. Mpingo hasa huwapotosha watu: ni mzito hata huzama majini, ukisuguliwa miaka mingi hung'aa mithili ya pembe nyeusi, na vijistari vyake vya kahawia huonekana tu ukiupeleka juani.

Hadithi ya kipusa iliyochafua kila kitu ni ya Yemen, wala si ya Oman. Kule thamani ya jambia iko kwenye mpini kuliko kwenye bapa, na mpini wa kipusa uliozeeka ukapata ule mng'ao wanaouita saifani uliwahi kuwa alama ya makadhi na masharifu. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973. Vijana wa Yemen wakaenda kwa wingi kufanya kazi Saudia, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka alichokuwa nacho kadhi. Vifaru weusi wa Afrika, waliokadiriwa kuwa 65,000 hivi mwaka 1970, walipungua hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Kenya ilikuwa na takriban 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Si Yemen pekee iliyowamaliza, dawa za Asia Mashariki zilikula sehemu yake kubwa, lakini mipini ilichangia sana. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi na kuuawa huko Februari 2018, ndiye aliyetembea kwenye maduka ya Sana'a miaka mingi akihesabu na kuuliza bei. Yemen ilipiga marufuku kuingiza vipusa mwaka 1982, na mafundi wake wakageukia pembe za nyati kutoka India.

Umbo la mpini wako linasaidia hapa. Mpini wa Yemen umebanwa kiunoni na kutanuka juu na chini, mara nyingi ukiwa na vishaufu viwili vya duara usoni mfano wa sarafu. Kichwa bapa cha T ni cha Oman. Kwa hiyo babu yenu hakununua katika lile wimbi la Sana'a, na maoni yangu kabla ya kuuona mpini kwa macho ni kwamba ami yako yuko karibu na ukweli kuliko sonara. Ila usiyachukue maoni yangu mahali pa kioo cha kukuzia.

Tuje kwa sonara huyo. Vifaru karibu wote wako katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1977, na biashara ya kimataifa ya pembe zao imefungwa. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka mwenye nyara, yaani sehemu ya mnyamapori, awe na kibali, na kwa wanyama walio hatarini kama kifaru adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Tanzania Bara nayo huhesabu vitu hivi kuwa nyara za serikali chini ya sheria ya mwaka 2009. Sasa, mtu anayekwambia mpini wako ni kipusa na papo hapo anatoa fedha mfukoni, ama hajui anachokisema, ama anakualika mfanye kosa pamoja. Lipo na la tatu, ambalo limewapata wengi: anakutisha kwa neno kipusa ili uliachie jambia zima kwa bei ya hofu, naye shida yake ni fedha iliyo kwenye ala na mkanda. Usimwachie jambia "alikague nyumbani". Mipini hubadilishwa kwa saa moja.

Ukiona zile nukta, usilipeleke sokoni wala usilisafirishe. Tafuta wakili, kisha nendeni pamoja KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mkaeleze kuwa ni urithi na muulize habari ya kibali. Kwenda mwenyewe kabla hujaulizwa ni tofauti kubwa na kukutwa nacho. Huko ndiko pia kunakoweza kuagizwa kipimo cha vinasaba, kinachochukua unga kidogo tu wa pembe na kumaliza ubishi wote.

Binamu mwambie ausahau huo mtandao kwa sasa. Hata ingekuwa meno ya ndovu badala ya kipusa, Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya meno ya ndovu Juni 2022, na kununua au kuuza kumekatazwa isipokuwa kwa vifungu vichache vyenye masharti ya umri wa kitu, kiasi cha meno kilichomo na usajili. Mpini mzima wa meno haupenyi kirahisi. Na ikiwa ni pembe ya ng'ombe, bado kulisafirisha jambia lenye bapa ni shughuli ya forodha na polisi katika nchi mbili, liulizieni mapema. Akiwa na haraka ya thamani, akumbuke kwamba mwaka 2022 UNESCO iliuweka ufundi wa khanjari ya Oman na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu, na mafundi wa leo wanafanyia kazi msandali, pembe za halali na hata plastiki. Kazi ya fedha, ushonaji wa mkanda, na kujulikana lilikuwa la nani, hivyo ndivyo vinavyolipa jambia la Sur thamani yake. Majambia ya huko kwa kawaida ni madogo na mepesi, na mapambo yake ni ya mkono uliotulia.

Ufa sasa. Swali la kwanza ni umetokea wapi, si uzibwe kwa nini. Ufa unaoshuka kuelekea kwenye bapa mara nyingi unafuata ule mkia wa chuma ulioingizwa ndani ya mpini. Hewa ya chumvi ya Mombasa huingia, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiacha, kwa hiyo mpini unasukumwa kutoka ndani mpaka unapasuka. Angalia pale bapa linapoingia: ukiona unga mwekundu, jibu umelipata. Ukimimina gundi kwenye ufa wa namna hiyo umeifungia kutu ndani, itaendelea kusukuma, na mwakani utapasuka pembeni ya gundi. Kama hakuna kutu na ufa ni mfupi, wa juujuu, basi pembe imekauka. Huo hauhitaji kuzibwa kabisa, uache.

Gundi ya kukauka papo hapo na zile za mirija miwili msizitumie. Haziondoki tena bila kuumiza pembe. Mafundi wengi wa upande huu wa Bahari ya Hindi walishikiza mkia wa bapa kwa lakiri au ulimbo uliochanganywa na vumbi la matofali, dawa ambayo hulainika kwa joto na kumruhusu fundi wa baadaye kufungua. Hilo lina maana mbili kwenu. Msiliache jambia ndani ya gari juani, wala msilitumbukize kwenye maji ya moto, kwa sababu mpini utalegea na pembe yenyewe itapinda. Na mkimpata fundi, awe ni yule anayeweza kufungua kwa utaratibu, asafishe kutu kwenye mkia, kisha arudishe kwa lakiri. Anzeni kuulizia Makumbusho ya Fort Jesus ni nani wanayemwamini. Kazi hiyo ni halali ikishathibitika kwamba si kipusa. Kabla ya hapo hata fundi mwema asiguswe na jambo hili.

Kuna mazoea ya pwani ya kupaka mpini mafuta ya nazi kila Idi. Yaacheni. Mafuta huvunda, hukamata vumbi, na harufu yake huita wadudu, na pembe ni chakula cha baadhi ya wadudu: viwavi vyenye manyoya vya mbawakawa wadogo hula keratini, iwe sufu, ngozi au pembe. Mkiona vitundu vyenye unga chini yake, lifungieni jambia peke yake ndani ya mfuko wa plastiki mpaka limfikie mtu wa makumbusho, lisivipeleke kwenye vitu vingine vya kabatini. Kwa siku za kawaida kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, na nta safi kidogo sana mara moja kwa mwaka, ikapanguswa mpaka mkono usihisi kitu. Dawa ya kung'arishia fedha isigusane na pembe; wekeni karatasi katikati mkisafisha pambo. Msiligandishe bapa ndani ya ala mwaka mzima pia, maana ngozi ya ala hubeba unyevu na tindikali, na hapo ndipo kutu huanza.

Nitumie picha mbili: moja ya mgongo wa mpini na nyingine ya pale umbo linapopinda kuingia kwenye bawa la T. Zipigwe mchana kando ya dirisha, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa imekaribia kadiri inavyoweza bila kutia ukungu. Weka na rula pembeni.